Nchi ya Dhahabu na Maji: Habari za Geita na Shinyanga

Watu wengi wakisikia jina la Geita huwaza dhahabu tu, na wakisikia jina la Shinyanga huwaza almasi, au makundi ya ng'ombe, au jua kali. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za nchi hii kwa utaratibu: jinsi ilivyo, watu wake, mambo yaliyoipata zamani, na mahali pake palipo na sifa. Walimu wataweza kuzisoma habari hizi pamoja na watoto shuleni, ramani ikiwa mbele yao, na wazazi watazisoma nyumbani jioni.

Tukiitazama vema nchi hii, twaona ina mali ya namna mbili. Iko mali iliyo chini ya udongo, nayo ikichimbwa mara moja hairudi tena. Na iko mali iliyo juu ya udongo, yaani maji, miti, malisho na mashamba, nayo hurudi kila mwaka ikitunzwa, na hupotea upesi ikiachwa. Habari zote za nchi hii zaweza kueleweka kwa mali hizo mbili, na kwa namna watu walivyochagua kati yake.

MIPAKA NA HALI YA NCHI

Mkoa wa Geita ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwezi wa Machi 2012 kwa kukata vipande vya mikoa mitatu. Geita na Nyang'hwale zilitoka Mwanza, Chato ilitoka Kagera, na Bukombe pamoja na Mbogwe zilitoka Shinyanga. Mwaka huo huo Shinyanga ilikatwa tena upande wa mashariki, mkoa wa Simiyu ukapatikana. Kwa hiyo Shinyanga ya leo ni ndogo kuliko ile waliyoijua baba zetu: ni Shinyanga yenyewe, Kishapu, na Kahama pamoja na Msalala na Ushetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Geita ilionekana kuwa na watu yapata milioni 3, na Shinyanga yapata milioni 2 na robo.

Upande wa kaskazini Geita yagusa Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji tangu kale huliita Nyanza. Ziwa hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Uso wake ni yapata kilometa za mraba 68,800, nao uko juu ya bahari kwa meta 1,134 hivi. Lakini halina kina kirefu kama lile la Tanganyika. Mahali pake penye kina kirefu hapazidi sana meta 80. Kwa sababu hiyo upepo ukivuma mawimbi huinuka upesi, na wavuvi wenye mitumbwi midogo hulijua jambo hilo kwa uchungu. Pwani ya ziwa upande huu imekatwakatwa na milango mingi ya maji, na visiwa ni vingi.

Ukiuacha ufuko na kwenda kusini, nchi hubadilika kidogo kidogo. Geita ina vilima vingi, na mvua yake yatosha mihogo, mahindi, mpunga na mananasi. Magharibi na kusini, huko Bukombe na Mbogwe, iko misitu ya miyombo, na watu wake hurina asali. Ukigeuka mashariki na kushuka Shinyanga, miti hupungua, mbuga za udongo mweusi hutokea, na hapa na pale mawe makubwa ya matale yamesimama kama nyumba. Mvua huko huanza yapata mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Mei, tena mara nyingine hukawia au hukatika katikati. Udongo ule mweusi ukinyesha hunasa magurudumu, na ukikauka hupasuka. Hata hivyo huotesha pamba, mtama na mpunga. Nao akina mama wa huko wana akili ya kuweka chakula: viazi vitamu hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha huanikwa vikawa matobolwa, na nyumba yenye matobolwa haiogopi sana miezi ya njaa.

WENYEJI NA KAZI ZAO ZA KALE

Wenyeji ni wa makabila kadha wa kadha. Wasukuma ndio wengi, nao ni wafugaji na wakulima kwa pamoja. Wazinza walikaa kandokando ya ziwa upande wa magharibi, na Wasumbwa walikaa katika misitu ya Bukombe na Kahama. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtemi wake.

Yafaa watoto wajue kwamba kazi ya kutoa madini katika nchi hii haikuletwa na wageni. Katika nchi ya Wazinza palikuwa na mafundi walioitwa Barongo, nao walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe kwa tanuru za udongo, mifuo na makaa ya miti. Majembe yaliyotoka kwa mafundi wa namna hiyo yalinunua mbuzi na ng'ombe, na mara nyingi yalitolewa kuwa mahari. Kazi ile ilikoma majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei ndogo.

Wasumbwa nao walikuwa wasafiri hodari na wawindaji wa ndovu. Walikwenda mbali sana upande wa magharibi kununua shaba ya Katanga. Mmoja wao, Ngelengwa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Msiri, alikaa huko huko, akajifanyia ufalme mkubwa, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Alitawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, alipouawa na mmoja wa maofisa wa safari iliyotumwa na mfalme wa Wabelgiji kuitwaa nchi yake. Watu wake, Wayeke, wako katika Kongo hata leo. Basi mtu akisema kwamba watu wa nchi hii walikaa tu wakingoja wageni, hajui habari zao.

WAGENI NA SERIKALI ZAO

Mzungu wa kwanza kuliona ziwa alikuwa John Hanning Speke. Mwaka 1858 alimwacha mwenziwe Richard Burton akiwa mgonjwa Tabora, akashika njia ya kaskazini kupitia nchi ya Wasukuma, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza. Akaliita kwa jina la malkia wake. Jina la wenyeji lilikuwako kabla yake, na halikufutika.

Baada yake walikuja wamisioni. Mmoja anayestahili kukumbukwa na kila mwalimu ni Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alivuka ziwa akakaa Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko alifanya kazi kwa mikono yake: alifua chuma, alipasua mbao, alifasiri Maandiko kwa Kiganda na kuyapiga chapa. Mwaka 1889 Stanley, akitoka kumwokoa Emin Pasha, alifika kwake na watu waliochoka, akawapokea na kuwapumzisha kwa majuma kadhaa. Wakamsihi waende pamoja pwani, akakataa kuiacha kazi. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa huko huko Usambiro, na mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe. Katika Shinyanga, wamisioni wa African Inland Mission walianza kazi ya hospitali huko Kolandoto mwaka 1913, na hospitali hiyo ingali ikitibu watu.

Wajerumani waliitawala nchi hii mpaka Vita Kuu ya kwanza, Waingereza wakafuata. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza ikipita Shinyanga, na pamba ya Wasukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Mwezi wa Desemba 1945 Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Yeye na Chifu Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wawili wa kwanza kuketi humo. Uhuru ulikuja mwaka 1961.

ALMASI YA MWADUI

Sasa na tutazame mali iliyo chini ya udongo. Mwaka 1940, mwezi wa Machi, mtaalamu wa mawe kutoka Kanada, jina lake John Williamson, aliona almasi mahali paitwapo Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Alikuwa ametafuta kwa miaka mingi, na fedha zilikuwa zimemwishia. Alichoona ni shina la mwamba wenye almasi, lenye eneo la hekta 146 hivi, mojawapo ya mashina makubwa kabisa ya namna hiyo duniani. Mji ukajengwa pale, wenye shule, hospitali na kiwanja cha ndege.

Mwezi wa Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi, uzito wake karati 54 na nusu. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake ya mwezi wa Novemba mwaka huo. Jiwe likachongwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya ua la kujipambia. Malkia alilivaa mara nyingi maishani mwake. Hivi ndivyo jiwe la Shinyanga lilivyopata sifa duniani, ingawa wengi waliolitazama hawakujua Shinyanga iko wapi.

Williamson alikufa mwaka 1958. Tangu hapo mgodi umepita katika mikono mingi, ya kampuni na ya serikali. Lakini watu wa vijiji vya jirani wana kumbukumbu nyingine. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi ulibomoka, matope yakamwagika na kufunika mashamba na nyumba. Almasi ilikwenda mbali, na matope yakabaki karibu. Twasema hivi ili msomaji ajue kwamba mali ya chini ina gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mwenye shamba.

DHAHABU YA GEITA NA KAHAMA

Dhahabu ya Geita iligunduliwa wakati wa Wajerumani, miaka ya mwisho ya karne ya 19. Waingereza waliichimba tangu miaka ya 1930, na mgodi wa Geita ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1966 ukafungwa. Kwa miaka zaidi ya 30 vilima vile vilikaa kimya, ila wachimbaji wadogo na sururu zao. Kisha mwaka 2000 mgodi mkubwa mpya ulifunguliwa, nao sasa ni wa kampuni ya AngloGold Ashanti. Kwanza walichimba mashimo ya wazi, makubwa kama mabonde, na tangu mwaka 2016 wamechimba pia chini kwa chini.

Upande wa Kahama, dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo kwa maelfu walikusanyika huko, mpaka mwezi wa Agosti 1996 walipoondolewa ili kampuni ipewe nafasi, jambo lililoacha manung'uniko ya miaka mingi. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Mgodi mwingine wa Kahama, Buzwagi, ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 ulikuwa umekwisha kufungwa. Angalieni, ndugu: miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa.

Serikali nayo imejifunza kudai haki yake. Baada ya magomvi juu ya makinikia, yaliyozuiwa kusafirishwa mwaka 2017, palifanyika mapatano yaliyotiwa sahihi mwezi wa Januari 2020, na serikali ikapata hisa 16 katika kila 100 za migodi ya kampuni ya Barrick. Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ili mchimbaji mdogo auze mali yake hadharani kwa mizani ya kweli, asiiuze gizani kwa mlanguzi.

HATARI ZA MACHIMBO

Wasomaji wetu wengi wana ndugu, au mwana, aliye katika machimbo. Kwa hiyo hatuwezi kupita upesi hapa.

Mchimbaji mdogo hushuka katika duara, yaani shimo jembamba lililoshikizwa kwa magogo. Tarehe 5 Oktoba 2015, huko Nyangalata, Kahama, udongo uliporomoka ukawafunika watu sita. Jamaa zao waliwahesabu kuwa wafu. Lakini siku ya 41, tarehe 15 Novemba, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, magome, wadudu na vyura, na kunywa maji yaliyodondoka. Wa sita alikuwa amekufa mle ndani. Habari ile ilienea duniani kote, na watu walimshukuru Mungu kwa haki kabisa. Lakini wako wengi waliofunikwa na duara ambao hawakutolewa hai, wala habari zao hazikuandikwa popote.

Hatari ya pili haina kishindo, nayo ni zebaki. Mawe husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa juu ya mwalo, kisha zebaki hutiwa ili ikamate chembe za dhahabu. Halafu donge huchomwa motoni, zebaki ikapaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni, hudhuru ubongo na figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Zebaki iliyomwagika majini huingia katika samaki, na samaki huliwa na watu. Kwa hiyo twawasihi akina baba na akina mama: zebaki isikae nyumbani, isishikwe kwa mikono mitupu, isichomwe jikoni wala katika chungu au sufuria ya kupikia, na watoto na wajawazito wasikae karibu. Kiko chombo maalumu cha kuchomea kinachonasa moshi na kuirudisha zebaki. Wachimbaji wakichanga pamoja waweza kukinunua.

Hatari ya tatu ni ya moyo. Mali inayopatikana kwa siku moja, na kupotea kwa siku moja, huwafanya watu watafute sababu za siri za bahati. Hapo ndipo mganga mwongo hupata wateja. Tangu yapata mwaka 2007 nchi hii ya Kanda ya Ziwa iliaibika kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa sababu watu walidanganywa kwamba vitawapa dhahabu au samaki. Hata vikongwe wasio na hatia waliuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Lakini sheria hufika baada ya damu kumwagika. Mafundisho ya nyumbani yaweza kufika kabla. Mtoto aliyefundishwa kwamba ngozi ya ndugu yake mwenye ualbino imekosa rangi tu, na kwamba anahitaji kofia, mikono mirefu na kiti cha mbele darasani kwa sababu ya macho yake, hatakuwa mteja wa mganga yule atakapokuwa mkubwa.

JANGWA LILILOGEUKA MALISHO

Sasa twaja kwenye mali ya juu ya udongo, na hapa Shinyanga ina habari inayostahili kusimuliwa kuliko ile ya almasi.

Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa pori la miti. Wakati wa Waingereza palikuwa na mbung'o wengi, wenye kuua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Bwana Swynnerton alikaa Old Shinyanga na wenziwe kuchunguza mbung'o, na watu walitolewa kwa maelfu kufyeka pori ili wadudu hao wakose kivuli. Mbung'o walipungua kweli. Lakini baada ya hapo mashamba ya pamba yalipanuliwa, ng'ombe waliongezeka, kuni zilikatwa, na miaka ya 1970 watu walihamishwa kukaa katika vijiji vikubwa, wakaziacha sehemu za malisho walizokuwa wakizitunza. Mambo haya yote yakawa pamoja, na nchi ikawa tupu. Kina mama walikwenda safari ya nusu siku kutafuta kuni, na wengi walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Upepo ulichukua udongo. Watu wakaanza kuiita nchi hiyo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao kwa ufupi HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mabwana miti walileta miche ya kupanda, na mingi ilikufa. Kisha waliwasikiliza wazee. Wazee walisema: sisi tulikuwa na ngitili. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue, na hufunguliwa kiangazi kikali ili ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa wapate kula. Mahali palipofungwa namna hiyo, visiki vya kale vilivyokuwa hai chini ya udongo vilichipuka vyenyewe, miti ikarudi bila kupandwa.

Watu wakarudia desturi ile. Nyingine zilikuwa ngitili za nyumba moja, nyingine za kijiji kizima, na sheria zake zilitungwa katika dagashida, yaani mkutano wa watu wote, nao walinzi wa sungusungu wakawatoza faini waliovunja sheria. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta laki 3, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikawa karibu, nyasi za kuezekea zikapatikana, asali, dawa na matunda ya porini yakarudi, na ndege pia. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo na Umoja wa Mataifa. Hakuna kampuni iliyoleta mali hiyo. Iliotoka katika visiki vilivyokuwa vimekanyagwa na kila mtu, watu walipokubaliana kuzuia miguu ya ng'ombe kwa miezi michache.

MAJI YA ZIWA YASHUKA SHINYANGA

Jambo jingine kubwa ni maji. Kwa miaka mingi watu wa Shinyanga na Kahama waliona kiu, na ziwa kubwa hivyo liko kaskazini yao. Moja ya sababu ilikuwa maandishi. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba maji ya Nile na maziwa yake katika nchi zilizo chini ya Uingereza yasichukuliwe kwa kazi yenye kupunguza maji ya Misri bila idhini yake. Nchi yetu haikuwako katika mapatano hayo ila kwa jina la mtawala wake. Mwalimu Nyerere na serikali yake walitangaza mwaka 1962 kwamba Tanganyika haifungwi nayo. Hata hivyo miaka ilipita kabla ya kazi kuanza. Mwaka 2004 bomba lilianza kujengwa kutoka Ihelele katika Misungwi, na mwaka 2009 Rais Kikwete alilifungua rasmi. Maji ya Nyanza yakafika Kahama na Shinyanga, na baadaye yakaendelea mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Binti aliyekuwa akichota maji usiku sasa aweza kufika shuleni asubuhi.

MAHALI PENYE SIFA

Msafiri aendaye Geita kutoka Mwanza zamani alingoja kivuko pale Kigongo, mara nyingine saa nyingi, na wagonjwa walingoja pamoja naye. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, nalo lina jina la Rais John Magufuli. Sasa mtu huvuka kwa dakika chache.

Magufuli mwenyewe alikuwa mwana wa Chato. Alizaliwa mwaka 1959, akawa Rais mwaka 2015, akafa tarehe 17 Machi 2021, na kaburi lake liko Chato. Karibu na huko ipo hifadhi ya Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019.

Katika ziwa kiko kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kisiwa hicho kimefunikwa na msitu mnene. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bwana Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta huko sokwe waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakafunguliwa. Wengi walidhani watakufa, kwa kuwa hawakujua pori. Lakini walijifunza, wakazaa, na wajukuu wao wanaishi huko kama sokwe wa porini. Wako pia nzohe, viboko, mamba, na furukombe wanaovua samaki mbele ya macho ya msafiri. Isaka, katika Kahama, hakuna mnyama wa ajabu, lakini ipo bandari kavu, ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka katika reli.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Walimu waweza kuwauliza watoto maswali haya: Wilaya gani za Geita zilitoka Shinyanga? Kwa nini ziwa lenye kina kifupi lina mawimbi ya ghafula? Ngitili hufungwa lini, na hufunguliwa lini? Tena waweza kuwachukua nje na kuwaonyesha kisiki kimoja, wakizungushie miiba, wakipime kila mwezi na kuandika. Mtoto aliyepima kisiki kikichipuka hatasahau somo.

Kwa wazazi tuna neno moja. Twajua kwamba machimbo yamejenga nyumba nyingi na kulipa ada nyingi, wala hatumlaumu mtu afanyaye kazi halali ya kuchimba. Lakini mtoto asitolewe shuleni kwenda kuponda mawe, maana Buzwagi imetuonyesha jinsi mgodi unavyoweza kwisha kabla mtoto hajawa mtu mzima. Na fedha ya dhahabu ikipatikana, sehemu yake na igeuzwe kuwa mali ya juu kabla haijayeyuka: ng'ombe, bati la nyumba, miche ya matunda, karo. Kisha kila nyumba yenye shamba na ifunge kipande chake, hata kama ni robo eka, mvua za Novemba zikianza mwaka huu.